Wakuu, hili neno "sina jinsi" tunalitumia kujificha (kihamba cha mzee, Sartre na mimi)

Kitindamimba (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatudaiani.

Mi ni Mchaga wa Rombo, mtoto wa mwisho wa kiume kwenye nyumba ya watoto sita, na wanaojua mambo yetu hapo wameshajua naelekea wapi. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndio anabaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Hakuna siku nilikalishwa chini nikaambiwa, nilikuwa najua tu kama ninavyojua jina langu. Mgeni akija, mzee anamzungusha, hii migomba, hii kahawa, pale kaburi la babu, afu ananishika kichwa, "na huyu ndio mwenyewe". Hapo nina miaka minne, mitano, kamasi zinanitoka.

Mzee alifariki 2017, tukamzika palepale migombani. Toka mwaka ule kila Desemba napanda basi na familia kama Wachaga wenzangu wote, na kila Desemba baba mdogo ananisubirisha mpaka nimalize supu ndio aulize, nyumba inaanza lini. Nikaanza. Msingi, ikasimama. Tofali, ikasimama. Lenta, ikasimama mwaka mzima. Mwaka juzi nikapiga bati. Vyumba vinne. Mimi mwenyewe naishi Dar chumba na sebule cha kupanga, mke wangu mtu wa Tanga, watoto shule iko huku, kazi iko huku, Kirombo wanajua salamu tu na hiyo salamu yenyewe shangazi zao wanacheka. Kule nalala siku kama tisa kwa mwaka. Siku moja jamaa wa ofisini ananiuliza, kaka ile nyumba unamjengea nani? Nikamjibu bila hata kufikiria: aah, sina jinsi.

Neno likaniganda. Nikaanza kujichunguza nalisema mara ngapi. Kwanini nilisomea uhasibu? Sina jinsi, mzee alitaka. Kwanini nachangia harusi za watu ambao hata sura zao siwezi kuzichora? Sina jinsi. Sasa mzee amelala chini ya migomba miaka yote hii, nani anayenishika mkono kila mwisho wa mwezi nitume hela ya fundi? Naituma kwa kidole changu mwenyewe.

Sasa kuna huyu mwanafalsafa Mfaransa, Jean-Paul Sartre. Mwaka 1943, Paris iko chini ya Wajerumani, akatoa kitabu kikubwa cha falsafa na humo ndani kuna mhudumu wa mgahawa. Huyu mhudumu anatembea haraka kidogo kupita kawaida, anainama kwa mteja kwa heshima iliyozidi kidogo, sinia analibeba kwa mbwembwe kama mtu anayetembea juu ya kamba. Ukimwangalia sana unagundua anaigiza. Anaigiza kuwa mhudumu, anataka awe mhudumu kama jiwe lilivyo jiwe, limezaliwa jiwe litakufa jiwe. Ila kila asubuhi yeye ndio anaamka, anavaa shati, anaenda. Angeweza kulala akafukuzwa kazi. Hiyo hali ya kujifanya huna uchaguzi wakati unao, Sartre aliipa jina la Kifaransa, mauvaise foi, mi naona Kiswahili cha mtaani kinalo kabisa: kujizuga. Unajizuga mwenyewe, sio unamzuga mtu.

Nilivyosoma hiyo nikajiona na kapu la ndizi Desemba pale kihambani, naongea Kirombo kwa sauti kubwa kupita kawaida, natembea nimefunga mikono nyuma kama mzee. Mhudumu wa kihamba.

Vita vilipoisha, Oktoba 1945, akatoa mhadhara Paris, ukumbi ulijaa watu wakawa wanasukumana. Alitumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi, mi ngoja niuswahilishe. Fundi kabla hajachonga kibao cha mbuzi ameshajua ni cha kukunia nazi, kazi ya kibao imetangulia kibao. Sartre anasema binadamu ni kinyume, anatangulia kuwepo kwanza, ndio baadae anakuja kuwa mtu fulani kwa yale anayoyatenda. Sasa fikiria mimi wa miaka minne nimeshikwa kichwa, "huyu ndio mwenyewe". Nilishachongwa kibao cha mbuzi kabla sijajua nazi ni nini.

Kwenye mhadhara huohuo akasimulia habari za kijana mmoja, mwanafunzi wake, aliyemfuata wakati wa vita. Kaka yake ameuawa kwenye mashambulizi ya Wajerumani 1940, baba ameelewana na Wajerumani, mama kabaki peke yake na tegemeo lake ni huyu kijana. Aende Uingereza akajiunge na Wafaransa waliokuwa wanapigana, au abaki na mama? Sartre akamjibu, uko huru, chagua. Wengi wanachukia hilo jibu, hata mimi mara ya kwanza nililiona la kihuni. Ila kuna kipande watu wanakiruka. Alisema ukichagua wa kumwomba ushauri umeshachagua na ushauri. Ukienda kwa padri unajua padri atasemaje.

Wakuu hapo nilifunika kitabu. Mimi masuala ya kihamba miaka yote namuuliza baba mdogo! Mtu mmoja duniani ambaye jibu lake nalijua toka nikiwa darasa la tatu. Ningetaka jibu lingine ningemuuliza mke wangu.

Na ile "watu watasemaje" nayo nikaifanyia mahesabu, si mhasibu bana. Nikachukua karatasi niandike hao watu ni akina nani. Wakatoka wanne. Baba mdogo, shangazi wawili, na jirani mmoja ambaye hata hatusalimiani vizuri toka mambo ya mpaka. Mjerumani Heidegger aliandika habari za hawa "watu" mwaka 1927, kwamba tunaishi kama "mtu" anavyoishi, tunacheka "mtu" anapochekea, na ukimtafuta huyo mtu humpati. Nisifiche, 1933 Heidegger mwenyewe akaingia chama cha Hitler, kwahiyo kulijua kundi hakukumzuia kuingia kundini.

Msinielewe vibaya, sijaja kusema tutupe wazazi. Nina binamu aliyekata kamba zote, haendi Desemba, mbege, pombe yetu ya ndizi, hagusi, ukimtajia ukoo anapandisha. Ukimwangalia vizuri kila anachofanya ni kinyume cha alichotaka baba yake, ina maana dira bado ni ya baba yake, yeye kaigeuza tu. Mi hata huyo namwona anajizuga.

Swali langu: nyie "sina jinsi" zenu ni zipi?

Mzaramo_Asilia

Mkuu umetupandisha mlima wote na Wafaransa kumbe hela ya plasta imeisha

Kitindamimba

Hahahaa plasta nayo ipo kwenye orodha

BodaWaKigamboni

Mi niseme ukweli sijapenda. Huyo Sartre baba yake alikufa yeye ana mwaka na kidogo, kalelewa kwa babu kwenye vitabu, hakuoa, Nobel ya 1964 akapewa akaikataa, yani mtu anakataa hela mezani. Huyo ndio anifundishe uhuru? Mimi niko na boda ya mkataba, hesabu elfu kumi kila siku kwa tajiri, mvua inyeshe isinyeshe, nina mama na wadogo wawili kijijini wanakula kwenye hiyo pikipiki. Nikimwambia tajiri leo niko huru sileti hesabu ananyang'anya chombo, nabaki na helmeti. Jinsi iko wapi hapo mkuu nionyeshe

Kitindamimba

Kiongozi umenipiga pazuri na nikuambie kitu, Sartre mwenyewe alikuja kukubaliana na wewe. Mwaka 1969 kwenye mahojiano alisema aliyasoma maneno yake ya zamani, kwamba katika hali yoyote ile mtu yuko huru, akajishangaa aliwezaje kuamini vile. Hapo alishakuwa mzee, ameshaona umaskini na ukoloni unavyomfinyanga mtu. Akasema siku hizi uhuru kwake ni ule mtikisiko mdogo tu, mtu aliyefinyangwa kabisa na jamii asirudishe vyote kama alivyovipokea. Mi napenda hiyo kuliko ya 1945. Wewe hesabu unapeleka, sawa, na mimi sina ubavu wa kukwambia usipeleke. Ila "sina jinsi" yako na yangu sio moja. Yako ina tajiri mwenye kadi ya pikipiki. Yangu haina mtu.

BodaWaKigamboni

Hapo sawa nimekuelewa. Kurudisha pungufu. Mi Jumapili saa nane hadi magharibi nazima simu nacheza mpira, abiria wa kudumu wananuna, hainishiki mtu.

Kijana_wa_Pangani

Assalaam aleykum. Kwenye kibao cha mbuzi hatuendi pamoja ndugu yangu, sisi tunaye aliyetuumba na ametuumba kwa makusudio, huyo Mfaransa hakuamini Mungu ndio maana kaishia pale. Lakini cha ajabu hoja yako ya kujizuga mimi naikubali kwa dini yangu. Qur'ani inawasema waziwazi wale ambao kila wakiambiwa wafuate haki wanajibu "tumewakuta baba zetu wakifanya hivi". Jibu lao linarudi, je hata kama baba zao walikuwa hawaelewi kitu? Na hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, siku ile huwezi kusema muulizeni baba mdogo. Kwahiyo kuna Muumba na bado utaulizwa wewe peke yako, sioni ugomvi.

Kitindamimba

Waaleykum salaam. Hiyo ya "tumewakuta baba zetu" nimeiandika ukutani. Na wala hauko mbali na akina Sartre, yule mwanafalsafa wanayemhesabu kama babu yao, Kierkegaard wa Denmark, alikuwa Mkristo wa kuungua kabisa, na kelele zake zote zilikuwa kwamba watu wanajiita Wakristo kwa sababu wamezaliwa Copenhagen tu.

Mwl_wa_Fasihi

Jamani Wafaransa tu? Kezilahabi wa Ukerewe alishatuandikia haya toka 1971 kwenye Rosa Mistika, mpaka kikazuiwa mashuleni. Binti kalelewa kwa fimbo, haruhusiwi hata kusimama na mvulana, siku anatoka mikononi mwa baba hana zoezi lolote la kuchagua, anaparamia kila kitu. Na kwenye mwisho wake baba na binti wanalaumiana mbele ya Mungu, wewe umeniharibu, hapana wewe umejiharibu. Nimefundisha watoto hicho kitabu miaka mingi, kila mwaka darasa linagawanyika katikati na sijawahi kuona upande mmoja unaushinda mwingine. Wavulana wengi wanamlaumu Rosa, hilo nalo ni somo.

Ondiek_wa_Nai

Wasee wa TZ mambo. Hii ya kwenu ni ndogo, nyinyi mnajengewa presha mkiwa hai, huku kwetu hata ukikufa hujaponea. Nani anakumbuka kesi ya S.M. Otieno? Wakili mkubwa Nairobi, Mjaluo, ameoa Mkikuyu, Wambui, ameishi maisha yake vile alitaka, nyumba Nairobi, shamba Ngong. Akafa Desemba 1986. Mke anataka amzike Ngong, ukoo wa Umira Kager unasema Mjaluo anazikwa kwao Nyalgunga, Siaya, hiyo ya mjini ni nyumba tu, sio boma. Walienda korti miezi mitano mwili uko mochari, nchi nzima inafuata kwa gazeti. Hadi mwanafalsafa aliitwa kutoa ushahidi wa mila, Odera Oruka wa chuo kikuu cha Nairobi. Mei 1987 korti ya rufaa ikapatia ukoo, akapelekwa Siaya akazikwa.

Na huyo Sartre wenu si alisema marehemu ni windo la walio hai? Ukiwa hai unaweza kubadilisha stori yako, ukishakufa wanaimalizia wengine. Mimi hiyo kesi iliamuliwa sijazaliwa na bado mzee wangu akiona nimekaa mjini Krismasi ananiambia "unajua Otieno alizikwa wapi".

Kitindamimba

Duh. Mi kaburi langu nimeshaonyeshwa. Kulia kwa mzee, kuna sale limepandwa, ule mmea wetu wa mila.

MamaJunia

Nimesoma kimya kimya toka juu, sasa naomba niongee na mleta mada.

Kaka umeandika habari za mhudumu, kisu, kijana wa vita, baba, baba mdogo, binamu, mzee. Umesema mko watoto sita. Wanawake wangapi? Kwenye uzi wote mwanamke wa nyumba yenu hajatajwa hata mmoja ukitoa shangazi wa kusema maneno. Huyo Sartre alikuwa na mwenzake Simone de Beauvoir, mwaka 1929 walifanya mtihani mmoja mgumu wa ualimu wa falsafa, Sartre wa kwanza (mwaka uliotangulia alifeli), Simone wa pili, ana miaka 21. Nyumbani kwao baba alifilisika, mahari ya kumwozesha binti haipo, na kule anayetoa mahari ni upande wa mwanamke, ndio ikabidi asome afanye kazi. Huyo ndiye aliyeandika 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, anakuja kuwa mwanamke. Vatikani wakakipiga marufuku kitabu chake.

Alichokiona yeye na Sartre hakukiona mapema ni kwamba uhuru wa mmoja unakalia kiti cha mwingine. Wewe unalia umepewa kihamba. Haya niambie, pale kihambani saa hizi nani anaishi na mama yako?

Kitindamimba

Dada yangu. Wa tatu kuzaliwa. Ndoa ilimshinda akarudi nyumbani 2014.

MamaJunia

Nani alimuuguza baba?

Kitindamimba

Yeye.

MamaJunia

Kahawa anachuma nani, na hizo ndizi?

Kitindamimba

Yeye. Ndizi anashusha soko la Mkuu.

MamaJunia

Analala kwenye nyumba gani?

Kitindamimba

Ile ya zamani na bi mkubwa. Mpya imefungwa. Funguo ninayo mimi huku Dar.

Mzaramo_Asilia

Mi utani wangu wa plasta naomba niufute

Mtetezi_wa_Haki

Niongeze la kisheria kidogo kwa faida ya wengi. Kuna kesi inaitwa Ephrahim na Pastory, watu wa sheria wote wanaijua. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi ardhi kwa baba yake kwa wosia, mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani, mila ya Kihaya inasema mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa. Ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, 1990, akasema mila hiyo inagongana na katiba, mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume. Baadae Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki ardhi ni batili. Kwenye mirathi ya kimila bado kuna mivutano mingi, msidhani imeisha. Ila mleta mada wewe uko hai, una akili timamu, unaweza kumwandikishia dada yako hata kesho. Hapo "sina jinsi" sheria haikusaidii.

Kijana_wa_Pangani

Na baba mdogo je

Kitindamimba

Baba mdogo atakuja na ukoo mzima, najua. Nimemwona kichwani amekaa kwenye kiti, safari hii hanisubiri hata nimalize supu.

Kitindamimba

Wakuu narudi. Nilikaa kimya siku nne, samahanini.

Jana usiku nimempigia dada. Nilijiandaa kabisa, nikaandika mpaka pointi kwenye karatasi kama naenda kikaoni. Nikamwambia dada nimefikiria sana, kihamba nataka kiwe chako, nyumba mpya hamia na mama, funguo naituma na basi la kesho, maandishi tutafanya Desemba mbele ya ukoo na nitasimama mimi kuongea. Nikanyamaza nisikie analia au vipi.

Kimya. Nasikia ng'ombe huko nyuma.

Afu akaniuliza: "Nani kakwambia nakitaka?"

Nikamwambia si umekaa hapo miaka yote, si wewe ndio. Akacheka, sio kicheko cha furaha lakini. Akasema kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemuuliza anataka nini, sio mzee, sio bi mkubwa, sio mimi, walisema tu amerudi basi akae. Kumbe ana hela anaweka kwenye kikoba, anataka kufungua duka la vitambaa Moshi mjini, fremu ameshaiangalia, kinachomshika ni nani abaki na mama. Akasema "wewe ulishikwa kichwa ukaambiwa huyu ndio mwenyewe, sasa umekuja kunishika mimi".

Sikuwa na pointi ya hilo kwenye karatasi.

Mwishowe akasema funguo nitume tu, nyumba inaingia unyevu ikifungwa muda mrefu, mengine tutaongea nikienda, tukiwa watatu, mimi, yeye na mama. Baba mdogo asijulishwe kwanza. Nimeituma leo asubuhi, dereva kachukua elfu tatu.

MamaJunia

Na mama je, mmeshamuuliza?

Kitindamimba

Bado.